Nani anakuja nawe? Kutoka ubatizo wa ba bleu mpaka Nyawera



Juma lililopita kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza: «Mukubwa, kama nakataa ubatizo wa ba bleu, nitapataka ndugu wapi pa chuo?» Sikuwa na jibu palepale. Mimi mwenyewe nilibatizwa. Walitupigisha magoti kwenye shamba la mazoezi, jembe shingoni, wakatupaka matope huku tukiimba kwamba bleu si mtu. Mwaka wa kufuata, ndoo ya matope niliishika mimi, na nilicheka kupita wote.

Halafu mitihani ikafika. Mmoja wa wale wenye nilipaka matope alirudishwa mlangoni, minerivali ilikuwa haijaisha. Aliketi kwenye ngazi, silabusi mikononi. Sisi ndugu zake wa ubatizo tulipita mbele yake, tukaingia, tukaandika mtihani. Hakuna hata mmoja aliyebaki naye, wala aliyeenda kumusemea kwa wakubwa. Hakurudi tena masomoni. Tangu siku ile najiuliza: kikundi cha wanafunzi ni cha kazi gani? Nimetafuta jibu katika historia yetu, na historia hiyo inaishia hapa kwetu Nyawera.

Tuanze na mwanzo. Ubatizo wa chuo haukutoka kwa mababu. Ulikuja na vyuo vikuu vya Ubelgiji. Lovanium ilifunguliwa mwaka wa 1954 juu ya kilima karibu na Léopoldville, ikiwa binti wa Chuo Kikuu cha Louvain, na pamoja na vitabu ikarithi desturi za wanafunzi wa kule: bleu anayenyenyekezwa na mkubwa anayemnyenyekeza. Wasomi walikuwa wachache sana. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa chini ya 30 katika nchi nzima. Kwa hiyo kuingia katika kundi hilo kulikuwa kama kuingia katika ukoo mpya.

Lakini wanafunzi wa wakati ule hawakusimama kwenye ubatizo tu. Mwaka wa 1961 waliunda UGEC, umoja mkuu wa wanafunzi Wakongomani. Tukumbuke hali ya nchi: Lumumba alikuwa ameuawa, Katanga na Kasai Kusini zilikuwa zimejitenga, kila kabila lilikuwa na chama chake. Katika hali hiyo, UGEC ilitaka mtoto wa Kivu, wa Kasai na wa Bas-Congo wajione kwanza wanafunzi wa nchi moja. Pale kikundi kilikuwa na kazi: kusema kwa sauti moja mahali ambapo mtu peke yake angenyamazishwa.

Ndiyo maana utawala ulikiogopa. Januari 1968 makamu wa rais wa Marekani, Hubert Humphrey, alifika Kinshasa, na wanafunzi wakaandamana kupinga ziara yake. Mwaka uleule UGEC ilipigwa marufuku, na jukwaa pekee lililoruhusiwa kwa vijana likawa JMPR, tawi la vijana la chama cha Mobutu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliteremka mjini kudai bursi na sauti katika uongozi wa chuo. Askari wakawapiga risasi. Mpaka leo hesabu ya waliokufa inabishaniwa.

Miaka miwili kisha, Juni 1971, wenzao walitaka kuwakumbuka wale wafu. Zingatia: hawakudai pesa, walitaka tu kuwalilia ndugu zao. Jibu la utawala lilikuwa kufunga Lovanium na kuingiza wanafunzi wake jeshini kwa nguvu, zaidi ya 2,000. Mwezi wa nane vyuo vikuu vyote vitatu vikaunganishwa kuwa UNAZA chini ya mkono wa serikali, na hata ISP yetu ya Bukavu iliingizwa humo.

Hapa anaingia mtu mwenye kila mtoto wa Bukavu anajua jina lake, ingawa wengi hatujui kipande hiki cha maisha yake. Christophe Munzihirwa, mtoto wa Burhale kule Walungu, alikuwa padri Mjezuiti, mwenye miaka 45 hivi, akilea vijana wa shirika lake Kinshasa. Hakuwa mwanafunzi. Hakuna aliyemuita jeshini. Lakini alipoona vijana wanapelekwa, aliomba mwenyewe aandikishwe pamoja nao, akavaa nguo za askari.

Mimi nikisoma hapo nasimama kila mara. Yeye hakumuuliza mtu kama alibatizwa, wala anatoka kabila gani. Vijana walichukuliwa, naye akaenda nao. Basi.

Kwenye vyuo, njia ingine ndiyo ilishika nguvu. Vyama huru vya wanafunzi vilipovunjwa, kilichobaki wazi kwa mwanafunzi aliye mbali na nyumbani ni mutualité ya watu wa kwao. Nisieleweke vibaya: mutualité imelipia watu dawa, imesafirisha maiti, imepokea wageni kwenye gari. Shida inaanza pale inapokuwa mlango pekee. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa kwenye kampasi ya Lubumbashi, na mashahidi wengi walieleza kwamba washambuliaji waliwatenga waliotoka mkoa wa rais. Chumba kwa chumba, asili yako ikaamua kama utaamka. Ile ndiyo sura ya mwisho ya kikundi chenye kinauliza tu «weye ni wa wapi?»

Munzihirwa alifanywa askofu mkuu wa Bukavu mwaka wa 1994, na mwaka uleule jimbo letu likajaa wakimbizi. Oktoba 1996 vita ilipokaribia, wakubwa wengi walikimbia mji. Yeye alibaki, akawaomba watu wasiachane. Tarehe 29 Oktoba, AFDL na jeshi la Rwanda wakiingia Bukavu, aliuawa na askari hapa Nyawera. Maiti yake ililala barabarani zaidi ya siku moja, kwa sababu nani angethubutu kutoka? Waliokuja kumchukua walikuwa mafratri Wasaveri, yaani vijana waliokuwa bado masomoni.

Mwaka wa 1971 alienda pamoja na wanafunzi. Mwaka wa 1996 wanafunzi walikuja kumchukua. Sisi tunapita Nyawera kila siku kununua sombe na ndagala, kutafuta moto ya kupanda, na mara chache tunakumbuka kwamba somo hilo liliandikwa chini ya miguu yetu.

Mwanzo wa 2022, kisha video za bizitaje ya IBTP Kinshasa kuzunguka, waziri wa ESU alikataza bizitaje katika vyuo vyote. Alifanya vizuri. Lakini katazo linaondoa matope tu, halijibu swali la yule kijana. Mtoto anatoka Shabunda ao Mwenga, anafika mu oditwari ya watu mia mbili, hajui mtu. Atatafuta ndugu tu. Kama hatumpi ndugu wa kweli, atakubali wale wa ndoo ya matope, kama mimi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu langu ni hili. Usiangalie namna kikundi kinakuingiza. Angalia ni nani anaketi nawe kwenye ngazi siku mlango unafungwa. Kama hayuko, anza weye kuketi na mwingine.

Na kwetu sisi tulio na diploma: kila kipindi cha mitihani kuna mtu inje ya mlango, na tunamjua kwa jina. Tukichanga kidogo kila mmoja mbele ya mitihani, na wawili kati yetu wakaenda naye mpaka kwa wakubwa wa chuo, ule utakuwa ubatizo wetu. Mimi natoa jina langu kwa kwenda. Nani anakuja nami?