Shahada na Ujuzi: Wahitimu wa Tanzania Tangu 1961

Mhitimu huridhika na elimu ya chuo kikuu pale ujuzi alioupata unapomwezesha kufanya kazi na kujitegemea. Nchini Tanzania, uhusiano huo kati ya elimu na kazi umebadilika kadiri elimu ya juu ilivyopanuka.

Chuo kikuu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kikianza na kitivo cha sheria. Wasomi walikuwa wachache na nafasi serikalini zilikuwa wazi, hivyo shahada ilitosha kumpatia mtu kazi. Mwalimu Nyerere hakuridhika na hali hiyo. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa 1967 alitaka masomo yaendane na maisha ya wananchi, ambao wengi wao walikuwa wakulima. Azimio la Musoma la 1974 likaagiza kwamba waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, ndipo waombe nafasi ya chuo kikuu.

Baadhi ya fani ziliweka ujuzi wa mikono ndani ya masomo. Kitivo cha uhandisi kilichoanza 1973 kiliwapeleka wanafunzi viwandani kwa mafunzo kwa vitendo. Elimu ya kilimo iliyokuwa ikitolewa Morogoro ilizaa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984.

Kwa vijana wa Kifanya, kata iliyo Njombe, eneo lililokuwa chini ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, vyuo vilisogea karibu pale elimu ya juu ya Kilutheri ilipoanza Iringa katika miaka ya 1990. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, ikawafungulia mlango wengi waliokosa ada.

Wahitimu waliongezeka kuliko ajira rasmi, na malalamiko yakaongezeka pia. Utafiti wa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki uliotangazwa 2014 ulionyesha kuwa waajiri waliwaona asilimia 61 ya wahitimu wa Tanzania hawana ujuzi unaohitajika kazini. Kasoro za namna hiyo humrudia mhitimu mwenyewe: anayeajiriwa bila kujua kazi huona miaka yake ya chuo haikumfaa.

Mfano wa ujuzi unaohitajika uko Njombe, ambao sasa ni mkoa wa chai, mbao, viazi na parachichi. Kazi hizo zinahitaji watu wa kupima udongo, kusindika mazao na kutafuta masoko. Ili kuwaandaa watu hao, vyuo vinapaswa kuwafuatilia wahitimu wao, kuwauliza walichokosa, na kurekebisha mitaala kwa majibu hayo.