Tuandike Tunayoyakumbuka, Wazee Wangali Hai

Wengi mmetuuliza: mtu ambaye hakufika chuo kikuu anaweza kuandika historia? Tuwajibu kwa mfano wa kweli, wa kule kwetu Kongo.

Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mtu aitwaye André Yav aliandika historia fupi ya mji ule kwa niaba ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani. Wazungu waliwaita "boyi", hata kama mtu alikuwa na wajukuu. Yav alikusanya kumbukumbu zao akaziandika kwa Kiswahili cha Katanga, kile cha mtaani, siyo cha shuleni. Alieleza mji ulivyoanza na jinsi wazee walivyotumika kwa mabwana zao. Mwaka 1990 profesa Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na mpaka leo wanahistoria wanakisoma. Kwa nini? Aliyeandika ripoti ya serikali alikaa sebuleni. Hawa walikuwa jikoni, na jikoni husikika mengi.

Sasa tuje kwetu. Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwishoni mwa 1996, wakati wazazi wetu walikimbia vita ya Kivu ya Kusini wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Mtoto aliyebebwa mgongoni wakati ule, leo naye ana watoto. Wadogo zetu waliozaliwa hapa wanajua zoni na namba ya nyumba. Ukiwauliza jina la mto wa kwa babu yao, wananyamaza. Na wazee wanaolijua tunawazika hapa hapa. Tusipoandika, kitakachobaki ni karatasi za ofisini: jina, tarehe ya kuingia, idadi ya watu katika familia.

Mtasema, mbona tumeshaeleza maisha yetu kwenye mahojiano mara nyingi? Ni kweli, lakini pale unajibu ulichoulizwa: ulipita wapi, nani alikufa, kwa nini hurudi. Hakuna anayeuliza mama alikuwa anauza nini sokoni, au mlikuwa mnaimba nini wakati wa kung'oa mihogo. Hayo yote yana nafasi katika simulizi yako. Hakuna aliyezaliwa akiwa mbio tu.

Shida kubwa ni tarehe. Mzee atakuambia "zamani ile", basi. Usimlazimishe, wala usibuni mwaka. Muulize: Uvira ilikuwa imeshaanguka? Hiyo ni Oktoba 1996. Mobutu alikuwa ameshaondoka? Mei 1997. Mzee Kabila alikuwa ameshauawa? Januari 2001. Warundi walikuwa wameshaanza kuingia kwa wingi hapa kambini? Hiyo ni 2015. Pole pole mwaka utajitokeza wenyewe.

Jambo lingine, tenganisha uliyoyaona na uliyoambiwa. Kama ulikuwa na miaka mitatu, andika wazi: "mama alinieleza". Kaka akisema mlivuka usiku na mama akisema alfajiri, andika yote mawili. Msomaji hatakuona mwongo, ataona umeuliza vizuri.

Kuna pia usalama. Vita bado haijaisha kule, na ndugu zetu wengine wamebaki. Jina la jirani linaweza kumletea matatizo, kwa hiyo andika "jirani yetu" inatosha. Na ukifika mahali panapouma sana, weka kalamu chini. Utarudi siku nyingine, au usirudi kabisa. Hakuna anayekudai.

Kwenu dada na kaka mnaofanya kazi na mashirika, tunaomba kitu kimoja. Kijana akikuonyesha daftari lake, hilo ni lake. Msilipige picha wala kuliweka kwenye ripoti kabla hamjamuuliza, na akikataa, mkubali. Akina Yav walijiandikia wenyewe, ndiyo maana sauti yao inasikika mpaka leo.

Kwa wanaotaka kuanza: chagua siku moja, mahali pamoja, mtu mmoja. Ukurasa mmoja unatosha kwa wiki hii. Kama bibi yako yupo nje anachambua maharage, chukua kigoda ukae naye, msaidie kuchambua, halafu muulize mto wa kwao ulikuwa unaitwaje.