Kutoka Redio hadi RAM: Mafundi wa Mpakani Busia na Tororo

Watu wengi hudhani ufundi wa kompyuta uliletwa Busia na vijana waliosoma Nairobi na Kampala. Mimi nimekulia ndani ya kazi hii na kibanda changu kiko upande wa Kenya, hatua chache kutoka forodhani, na nasema si hivyo. Tunapofungua laptopu iliyogoma kuwaka baada ya kuongezwa RAM, tunafanya kazi ya redio. Waliotufundisha ni wazee wa Tororo na Busia waliokaa miaka na miaka na chuma cha kulehemu mbele ya redio za transista, na mpaka wenyewe ndio uliowalazimisha kuwa hodari.

Mpaka huu ni mdogo kwa umri kuliko koo zinazouvuka. Hadi mwaka 1902 nchi hii ya Busia ya Kenya, na mbali zaidi hadi pande za Naivasha, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Aprili mwaka huo Waingereza wakaihamishia upande wa pili wa himaya yao, ule uliokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wana shangazi huku na mashamba kule. Februari 1976 Idi Amin aliufufua mstari huo wa kale na kudai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. Mjomba wangu, fundi wa redio mjini Tororo, upande wa Uganda, aliisikia habari hiyo kutoka kwenye redio ya mteja aliyokuwa ameifungua mezani. Alituambia kwamba alifunga skrubu zake haraka siku hiyo, akamrudishia mwenyewe, kisha akapanda baiskeli kuja kutuona, maana hakujua kesho njia itakuwaje.

Kwa nini Tororo? Kwa sababu mji ule ulitangulia. Reli ilipanda kutoka Eldoret ikafika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, kabla ya kufika Kampala mwaka 1931. Kiwanda cha saruji kilijengwa katika miaka ya 1950. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na miaka michache baadaye nyaya za umeme wake zikapita Tororo zikielekea Kenya. Penye mishahara ya kiwanda na reli, watu walinunua redio, na penye redio fundi hakosi. Mjomba alianza akiwa kijana wa kushika taa tu, akimmulikia fundi mwingine aliyekuwa na duka karibu na stesheni.

Hapa Busia nako kulikuwa na kazi ya aina yake. Katika miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walianza kubeba abiria kwa nauli kati ya kituo cha upande mmoja na cha upande wa pili, na hapa mpakani ndipo bodaboda zilipozaliwa. Pamoja na abiria zilivuka koili, spika, vali za redio kuukuu na betri. Fundi wa Tororo aliyekosa kipuri alimtuma kijana wa baiskeli Busia, na fundi wa Busia aliyeshindwa na redio aliituma Tororo. Mjomba alihesabu kwa pesa za nchi mbili bila kutumia karatasi.

Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Wengi hulikumbuka tukio hilo kwa sukari na nguo zilizoadimika. Mafundi wanalikumbuka kwa vipuri. Maduka yaliyokuwa yakiagiza transista na kapasita kutoka nje yalipewa wenyeji wapya waliokuwa hawajui hata wanauza nini, na baada ya muda rafu zikabaki tupu. Mjomba akaanza kununua redio mbovu kwa ajili ya viungo vyake. Alikuwa na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa vipande alivyong'oa, kila kopo na aina yake. Kutoka huku kwetu zilivuka betri zenye picha ya paka, zilizotengenezwa Nakuru. Baridi kali iliyounguza kahawa ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya zao hilo duniani, na miaka iliyofuata kahawa ya Uganda ikamiminika Kenya kwa njia za panya, huku sabuni, chumvi na betri zikirudi kwa njia zizo hizo. Magendo yalitajirisha watu na kuua watu. Sitayasifu. Lakini ni kweli kwamba redio za Tororo ziliendelea kusema kwa sababu ya njia zile.

Uhaba huo ndio uliozaa elimu ninayotaka kuieleza. Fundi mwenye duka lililojaa hubadilisha kipuri kwa kingine kinachofanana nacho kabisa. Fundi aliyekosa lazima ajue ni kitu gani katika kipuri kinachopaswa kulingana, na ni kitu gani kinaweza kutofautiana bila madhara. Mjomba alikuwa akitushikisha kapasita mbili zenye ujazo sawa na umbo sawa, moja ya volti 16 na nyingine ya volti 10, kisha anatuuliza ipi itakaa pale palipokuwa na ya 16. Aliyejibu kwamba zote ni sawa aliambiwa aiweke ile ya 10 na asubiri. Kapasita ikivimba na kupasuka, somo halisahauliki. Volti zisipofaa, kulingana kwa mengine yote hakusaidii kitu.

Na alikuwa na swali lake la kwanza kwa kila mteja, kabla hajashika bisibisi: nani ameigusa mwisho, na aligusa nini? Redio iliyozimika yenyewe ina sababu mia. Redio iliyozimika baada ya kuguswa ina sababu moja au mbili, na ziko pale palipoguswa. Kwa hiyo irudishe ilivyokuwa kabla ya kuguswa. Ikiamka, hitilafu umeishika mkononi.

Kompyuta zilitukuta na elimu hiyo. Mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000, umoja wa forodha ukafuata mwaka 2005, na makontena ya kompyuta za mtumba yalikuwa yakishuka Mombasa na kupanda huku bara. Mwaka 2009 yalitokea mambo mawili yaliyovutana. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa, na kila mtu akataka mashine. Mwaka huo huo bajeti ya Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza friji, televisheni na kompyuta zilizotumika. Mteja wa upande wa pili aliyekuwa na laptopu nzito kama gogo akaona heri aiongezee nguvu ile ile aliyo nayo. Hapo ndipo biashara ya RAM iliposhika hasa mpakani.

Haja yenyewe ilitokana na programu. Windows XP ya mwaka 2001 iliridhika na megabaiti 64. Windows 7 ilitaka gigabaiti moja au mbili. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali chini ya nne, na hata kwa nne inakwenda kwa kujikongoja. RAM ni meza ya kufanyia kazi: ikiwa ndogo, mashine hushinda ikishusha na kupandisha makaratasi. Kuongeza RAM ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo maana kila mwenye bisibisi alijiita fundi.

Shida ni kwamba vipande vya RAM vya laptopu vinafanana machoni. Vya zamani vya SDRAM vina pini 144. DDR na DDR2 zote zina pini 200, pengo la katikati limesogea kidogo mno, ila ya kwanza inakula volti 2.5 na ya pili 1.8. Nimeona sloti zilizovunjika kwa sababu mtu aliwasukuma hawa wawili wakae pasipo pao. DDR3 ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262. Mtu akikosea kati ya DDR3 na DDR4 kipande hakiingii, na hiyo ni heri kwake. Hatari kubwa iko ndani ya DDR3 yenyewe. Ya kawaida inatumia volti 1.5 na lebo yake inaanza na PC3. Nyingine, iliyotengenezwa kubana umeme, inatumia 1.35 na imeandikwa PC3L. Laptopu nyingi za kizazi cha tatu cha Intel na kabla yake hupokea ile ya 1.5. Za kizazi cha nne, zilizoanza kutoka mwaka 2013, zinataka ya 1.35 peke yake. Pini ni zile zile, pengo ni lile lile, kipande kinaingia na kubana vizuri, na mashine haiwaki.

Mwaka 2021, shule za Uganda zikiwa bado zimefungwa kwa sababu ya korona, mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Tororo alikuja kibandani. Alikuwa akirekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa majumbani, na mashine yenye gigabaiti nne ilikuwa ikimkwamisha. Akanunua kipande cha gigabaiti nane, akakiweka mwenyewe.

"Fundi, hii imekufa," akaniambia. "Taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi."

"Pole, mwalimu. Kabla ya kuigusa ilikuwa inawaka?"

"Asubuhi ile ile ilikuwa inawaka."

"Na kipande cha zamani uko nacho?"

Alikuwa nacho, amekifunga kwenye karatasi ya daftari. Nilichomoa chaja na betri, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Nilitoa kipande kipya, nikarudisha cha zamani peke yake. Mashine ikaamka. Niliviweka vipande viwili sambamba mezani nikamwambia asome. Cha zamani: PC3L-12800S. Kipya: PC3-12800S. Mwendo mmoja, umbo moja, tofauti ni herufi moja. Tulikibadilisha kwa chenye L, na jioni alivuka kurudi kwake na gigabaiti kumi na mbili. Mwalimu huyo alikuwa tayari ameambiwa na mtu mwingine kwamba bodi imeungua na anunue laptopu nyingine. Jambo hilo linaniudhi hadi leo. Mtu aliyekosa mshahara kwa miezi hapaswi kuuziwa mashine mpya kwa sababu fundi hakuuliza swali moja.

Si kila mara ni volti. Mara nyingi kipande hakijakaa sawasawa: kinatakiwa kiingie kwa kuinama kidogo, kisha kishushwe mpaka vibanio vya pembeni vilie. Miezi ya kiangazi, Januari na Februari, vumbi letu hujaa kwenye sloti. Futa pini za dhahabu kwa kifutio safi cha penseli na upulize. Jaribu kipande kimoja kwa wakati, katika sloti moja, halafu nyingine, maana sloti nayo hufa. Sikiliza milio na tazama taa: laptopu kadhaa za HP za miaka ile hupepesa taa ya Caps Lock mara tatu kuonyesha kwamba lawama ni ya RAM. Zipo bodi zenye kikomo, na ukizipa zaidi ya uwezo wao hukaa kimya. Na usiwe na pupa. Mashine za DDR4 na DDR5 zikiwekewa RAM mpya huchukua muda kujipima nayo mara ya kwanza, zile za DDR5 hata dakika kadhaa, na nimewajua watu waliozima katikati wakidhani imeharibika.

Hayo yote mjomba hakuyajua, kwa sababu hakuwahi kufungua laptopu hata moja. Lakini hakuna hatua hapo ambayo si yake. Uliza kilichoguswa, rudisha kilivyokuwa, gusa kitu kimoja kwa wakati, soma lebo, heshimu volti.

Zama zinageuka tena. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Februari 2018, na sasa mteja anasimama mara moja tu badala ya mara mbili. Lakini laptopu nyingi nyembamba zinazoingia zina RAM iliyolehemewa kwenye bodi, hakuna sloti, hakuna cha kuongeza. Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi zilizokuwa zikitulisha zimewekwa kando. Wenzangu wengine wamehamia simu.

Wazee wa redio nao wanapungua. Makopo ya mjomba yako kwangu, na kwenye baadhi mwandiko wake bado unasomeka. Lakini wapo wachache Tororo, Malaba na hapa Busia wanaokumbuka jinsi redio ilivyotengenezwa bila vipuri, na hakuna aliyeandika wanayoyajua. Chuo Kikuu cha Busitema kinafundisha uhandisi kikiwa upande wa Uganda wa mpaka huu huu tangu mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Alupe upande wetu kilipata hati yake mwaka 2022. Naviomba vyuo hivi viwili viwatume wanafunzi wenye kinasa sauti wakawakalishe wazee hawa mezani, redio mbovu ikiwa mbele yao, na wawaulize walivyokuwa wakifanya. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani asingoje chuo. Aanze yeye, jioni ya leo.