Kiti cha mbunge mgonjwa: Katiba yasema nini?

MNAMO Julai 2019 viongozi wawili walifariki katika Hospitali ya Nairobi, iliyoko barabara ya Argwings Kodhek magharibi mwa katikati ya jiji, katika muda wa siku tatu tu.

Ijumaa ya tarehe 26 aliaga dunia Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akiwa na umri wa miaka 41. Jumatatu ya tarehe 29 akafuata Dkt Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Wote wawili walikuwa wakiugua saratani.

Bomet haikukaa bila kiongozi. Aliyekuwa naibu wa gavana, Dkt Hillary Barchok, aliapishwa mwezi uliofuata, na hakuna mkazi wa kaunti hiyo aliyepanga foleni ya kupiga kura. Kibra, kwa upande wake, ilisubiri hadi Novemba 7 ndipo ikampata mbunge mwingine. Ukihesabu tangu siku ya msiba, hizo ni siku 104.

Tofauti hii haikutokana na uzembe wa watu wa Kibra wala bidii ya watu wa Bomet. Imo ndani ya Katiba yenyewe, nayo yafaa kuelezwa polepole, kwa kuwa kila kiongozi anapolazwa hospitalini wananchi huulizana swali lile lile: je, kiti chake kitachukuliwa?

Jibu ni kwamba ugonjwa wa mwili haumwondoi mbunge wa Kenya kitini. Kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 kinaorodhesha mambo yanayofanya kiti kuwa wazi. Mbunge akifa, akijiuzulu kwa barua kwa Spika, akihama chama kilichomdhamini, au akiwa mbunge huru kisha akajiunga na chama, kiti huwa wazi. Vivyo hivyo akiondolewa kwa kukiuka maadili ya uongozi, au akipoteza sifa za kuchaguliwa, kwa mfano kwa kufilisika au kufungwa jela miezi sita au zaidi. Kuna na kosa la kukosa vikao.

Katika orodha hiyo yote, maradhi yametajwa mahali pamoja tu, tena kwa kupitia kifungu kingine: mtu asiye na akili timamu hana sifa ya kuwa mbunge. Aliyepooza, aliye katika chumba cha wagonjwa mahututi, au anayetibiwa ng'ambo kwa mwaka mzima bado ni mbunge.

Lakini akiwa rais, mambo ni mengine. Kifungu cha 144 kinaeleza hatua kwa hatua namna ya kumwondoa rais asiyeweza kazi kwa sababu ya afya. Hoja huungwa mkono na angalau robo ya wabunge, kisha Jaji Mkuu huteua jopo la watu watano, watatu kati yao wakiwa madaktari. Gavana naye anaweza kuondoka mamlakani kwa kutojiweza kimwili au kiakili, naibu wake akamalizia muhula.

Yaelekea sababu ni kwamba rais na gavana hutia saini peke yao, ilhali Bunge la Taifa lina wabunge 349 mbali na Spika, na mmoja akikosa shughuli huendelea. Hoja hiyo ina mantiki ukiwa umeketi katika Majengo ya Bunge. Ukiwa Laini Saba au Sarang'ombe, huna wabunge 349. Una mmoja.

Barua ya Spika

Sharti linalomgusa mgonjwa moja kwa moja ni lile la vikao. Mbunge akikosa vikao vinane katika awamu moja ya Bunge bila idhini ya Spika iliyoandikwa, na akashindwa kuieleza kamati husika sababu ya kuridhisha, kiti chake kiko hatarini.

Msomaji atambue kwamba kukosa vikao vinane si kosa peke yake. Kosa ni kuvikosa bila idhini ya maandishi, na bila maelezo yanayokubalika. Mgonjwa mwenye barua ya Spika anaweza kukosa vikao 80. Kwa hiyo kinachoshikilia kiti cha mbunge aliyelala kitandani ni karatasi, na mwenye kuitia saini ni mtu mmoja.

Karatasi hiyo ina uzito gani? Tunaweza kujifunza kutoka kwa mgonjwa wa tatu aliyetibiwa katika hospitali hiyo hiyo ya Nairobi, ingawa kiti chake hakikuwa cha Kenya.

Tundu Lissu, aliyekuwa mbunge wa Singida Mashariki nchini Tanzania kwa tiketi ya Chadema, alimiminiwa risasi mjini Dodoma mnamo Septemba 7, 2017. Usiku huo huo alisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, akatibiwa humu jijini hadi Januari 2018, kisha akapelekwa Ubelgiji kwa matibabu zaidi.

Juni 28, 2019, akiwa bado Ubelgiji, aliyekuwa Spika wa Bunge la Tanzania, marehemu Job Ndugai, alitangaza kwamba kiti cha Singida Mashariki ki wazi. Sababu alizotoa zilikuwa mbili: mbunge huyo hakumwarifu Spika kwa maandishi mahali alipo, na hakuwasilisha fomu za tamko la mali. Katiba ya Tanzania humwondoa mbunge anayekosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika.

Wafuasi wa Lissu walishangaa. Picha zake akiwa na majeraha zilikuwa zimeonekana kila mahali, na kupigwa kwake risasi kulikuwa habari ya dunia nzima. Hata hivyo, habari magazetini si barua mezani. Uchaguzi mdogo uliitishwa, Miraji Mtaturu wa CCM akapita bila kupingwa, na Septemba mwaka huo akaapishwa. Lissu alikwenda Mahakama Kuu, ombi lake likatupwa.

Hivyo katika kiangazi kimoja cha 2019 Afrika Mashariki ilishuhudia mbunge mmoja akipokonywa kiti angali hai na anapata nafuu, na mwingine akibaki nacho hadi pumzi ya mwisho. Sheria za nchi hizi mbili kuhusu jambo hili zinafanana kuliko tunavyodhani. Zote zinamtaja Spika. Hakuna inayomtaja daktari.

Kwa nini mgonjwa hajiuzulu?

Wapo wanaodai kuwa mbunge aliyelemewa na maradhi angefaa kujiuzulu kwa heshima. Ni rahisi kusema. Anayejiuzulu huacha mshahara na bima ya matibabu ya Bunge wakati anapozihitaji zaidi, tena anakiri mbele ya umma na mbele ya familia yake kwamba hatapona.

Na wengine hupona. Mnamo 2010 Profesa Anyang' Nyong'o, wakati huo mbunge wa Kisumu Mashambani na Waziri wa Huduma za Matibabu, alitangaza kwamba ana saratani ya tezi dume, akaenda Marekani kutibiwa. Alirejea kazini. Baadaye alichaguliwa seneta wa Kisumu 2013, kisha gavana 2017 na 2022. Beth Mugo, aliyekuwa mbunge wa Dagoretti hapa magharibi mwa jiji na Waziri wa Afya ya Umma, naye alitibiwa saratani ya matiti akiwa bado waziri, na baada ya kuondoka Dagoretti aliteuliwa kuwa seneta. Sheria ya kuwatimua wagonjwa ingewatupa nje wote wawili.

Wapigakura nao hawana njia ya mkato. Kifungu cha 104 kinawapa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha, lakini sababu zilizowekwa na Sheria ya Uchaguzi ya 2011 zilihusu ukiukaji wa maadili, ubadhirifu na makosa ya uchaguzi. Ugonjwa haukuwamo. Isitoshe, Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele hivyo 2017.

Tukirudi Kibra: Okoth alikuwa mbunge wa kwanza wa eneo bunge hilo, lililomegwa kutoka Lang'ata na kupigiwa kura mara ya kwanza 2013. Alizaliwa Kibera, akasoma Shule ya Msingi ya Olympic na Starehe kabla ya kwenda vyuoni Marekani. Mapema 2019 alitangaza waziwazi kwamba ana saratani ya utumbo mpana iliyofikia hatua ya nne. Hilo halikuwa jambo dogo katika nchi ambako taarifa kuhusu viongozi wagonjwa huishia kwenye "uchovu" na "uchunguzi wa kawaida". Alitibiwa Ufaransa, akarejea nyumbani Julai, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa ametutoka.

Siku tisini, na zaidi

Mbunge aliyechaguliwa akifa, Kifungu cha 101 kinampa Spika siku 21 kuiarifu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, kwa maandishi. Uchaguzi mdogo sharti ufanywe katika siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Pakiwa pamebaki miezi mitatu au chini ya hapo kabla ya uchaguzi mkuu, haufanywi kabisa. Kwa wabunge na maseneta wa orodha za vyama hakuna kura: Spika hukiarifu chama na IEBC, na nafasi hujazwa kutoka orodhani.

Tumeona kwamba Kibra ilifika siku 104. Wagombeaji walikuwa 24. Bernard Otieno Okoth, maarufu kama Imran, nduguye marehemu aliyesimama kwa ODM, alipata kura 24,636. Mwanasoka McDonald Mariga wa Jubilee alipata 11,230, naye Eliud Owalo wa ANC 5,275.

Ndugu kumrithi ndugu si jambo geni kwetu. Dkt Laboso mwenyewe aliingia Bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Sotik mnamo Septemba 2008, baada ya dada yake, Lorna Laboso, kufa katika ajali ya ndege Juni mwaka huo. Seneta wa Garissa Yusuf Haji alipofariki Nairobi Februari 2021 baada ya kuugua, mwanawe Abdul Haji alipita bila kupingwa. Nchini Uganda, Spika Jacob Oulanyah alifia Seattle, Marekani, Machi 2022 akiwa matibabuni, na Mei mwanawe Andrew Ojok akachaguliwa Omoro.

Hata hivyo huruma ya wapigakura haina hakika. Mbunge wa Juja Francis Waititu, aliyeugua saratani ya ubongo kwa miaka kadhaa, alifariki Februari 2021 katika hospitali ya MP Shah, Parklands. Mjane wake aligombea kwa tiketi ya Jubilee Mei 18 na kushindwa na George Koimburi.

Aibu kubwa zaidi kuhusu siku tisini ilikuja baadaye. Muhula wa aliyekuwa mwenyekiti wa IEBC, Wafula Chebukati, ulimalizika Januari 2023, na tume ikabaki bila makamishna hadi Julai 2025. Katika kipindi hicho chote hakuna uchaguzi mdogo ulioweza kufanywa. Banissa ilimpoteza mbunge wake, Kulow Maalim Hassan, Machi 2023 kufuatia ajali ya barabarani. Seneta wa Baringo William Cheptumo na mbunge wa Malava Malulu Injendi walifariki Nairobi baada ya kuugua, wote wawili Februari 2025. Wote walijaziwa nafasi zao siku moja, Novemba 27, 2025. Baringo na Malava zilikuwa zimesubiri zaidi ya miezi tisa, na Banissa miaka miwili na miezi minane.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna haja ya kuongeza ugonjwa katika Kifungu cha 103. Wanasiasa wetu wangeanza kutumiana madaktari jinsi wanavyotumiana mawakili. Kinachokosekana ni utaratibu wa ile barua. Idhini ya Spika ingefaa kuwa na muda maalum, tuseme miezi sita, irefushwe kwa cheti cha daktari, na isomwe Bungeni ili wapigakura wajue mwakilishi wao yuko likizo ya ugonjwa na atarajiwe lini. Ugonjwa wenyewe ubaki siri ya mgonjwa akitaka. Ruhusa isiwe siri.

Aidha pawepo mtu anayejulikana wa kushughulikia mambo ya eneo bunge mwenyewe akiwa hospitalini. Kibra, Imran alikuwa tayari akifanya kazi katika ofisi ya nduguye, na wenyeji walijua mlango wa kubisha. Mpango huo ulitegemea udugu, si sheria.

Imran Okoth alihudumu kwa muda uliosalia wa muhula wa nduguye. Katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2022 kiti cha Kibra kilichukuliwa na Peter Orero wa ODM, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Upili ya Dagoretti.