Azimio la Ghuba ya Tonkin na Utiifu wa Chama

Katiba ya Marekani ilimfanya rais kuwa amiri jeshi mkuu, lakini mamlaka ya kutangaza vita ikayaweka mikononi mwa Kongresi. Na walioitunga walifanya hivyo kwa kusudi, maana walikwisha kuona jinsi wafalme wa Ulaya walivyowaingiza raia zao vitani kwa matakwa ya nafsi zao. Jinsi amana hiyo ilivyotolewa kwa hiari mwezi wa Agosti 1964, tena na watu wenye elimu na uadilifu, ni habari inayostahili kuelezwa kwa utuo.

Tarehe 2 ya mwezi huo boti tatu za Vietnam ya Kaskazini ziliishambulia manowari ya Marekani, Maddox, katika Ghuba ya Tonkin. Baada ya siku mbili ikaenea habari ya shambulio la pili, ambalo hata kamanda aliyekuwa huko baharini alilitilia shaka, na ambalo baadaye ilibainika kwamba halikutokea. Lakini usiku ule ule Rais Lyndon Johnson aliamuru ndege zikapige mabomu, kisha akaomba Kongresi impe kwa azimio idhini ya kuchukua hatua zote atakazoona ni lazima. Baraza la Wawakilishi lilijadili jambo hilo zito kwa dakika 40, na haikupatikana kura hata moja ya kupinga. Katika Seneti kura zilikuwa 88 kwa 2.

Aliyelisimamia azimio hilo katika Seneti ni J. William Fulbright wa Arkansas, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, mwanachuoni wa Oxford, ambaye hapana aliyeweza kumwita mpenda vita. Lakini Johnson alikuwa Mdemokrati mwenziwe, waliyeketi naye Seneti miaka mingi. Na uchaguzi wa Novemba ulikuwa umekaribia, Warepublikani wakiwa wamemsimamisha Barry Goldwater, ambaye maneno yake juu ya silaha za atomiki yalikwisha kuwatia wengi hofu. Kumdhoofisha rais wakati huo, katika fikira za Fulbright, kulikuwa ni kumfungulia Goldwater mlango. Basi Seneta Gaylord Nelson wa Wisconsin, naye Mdemokrati, alipotaka kuongeza maneno ya kuzuia vita visipanuliwe, Fulbright alimsihi aliache jambo hilo, akimhakikishia kwamba rais hana nia hiyo. Nelson akaridhika. Mimi naona kwamba msiba ulianzia katika mazungumzo yale ya watu wawili wema walioaminiana, kwani lau azimio lile lingeletwa na Goldwater, sina shaka Fulbright angelihoji neno kwa neno.

Nawataja kwa taadhima wale wawili waliokataa: Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska, wote Wademokrati. Morse, aliyekuwa amekwisha kukihama chama cha Republican mwaka 1952, alishikilia kwamba Kongresi haina ruhusa ya kumkabidhi rais mamlaka ambayo Katiba imeiwekea yenyewe.

Machi 1965 askari wa miguu waliteremka Da Nang. Kufikia 1968 jeshi la Marekani nchini Vietnam lilizidi watu nusu milioni. Fulbright, aliyeijutia kazi yake hadharani, alikuwa amekwisha kuwaita wakuu wa serikali ya chama chake mbele ya kamati mwezi wa Februari 1966, taifa zima likitazama kwa televisheni, na urafiki wake na Johnson ukavunjika. Morse na Gruening walipoteza viti vyao mwaka 1968, Gruening akiangushwa na wapiga kura wa chama chake mwenyewe. Wamarekani waliokufa katika vita hivyo walipita 58,000, na Wavietnam waliokufa ni wengi mno kuliko hao.

Azimio lilifutwa Januari 1971. Novemba 1973 Kongresi ilipitisha sheria ya kuubana mkono wa rais katika vita, na Rais Richard Nixon alipoikataa, ikahitajiwa theluthi mbili ya kura katika kila baraza ili kuipitisha juu ya katazo lake. Zikapatikana 284 kwa 135 na 75 kwa 18, zikiwamo za Warepublikani wengi waliopiga kura dhidi ya rais wa chama chao.