Gari la polepole nalo hushinda: historia fupi ya mbio za robo maili

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena katikati ya muhula mambo yanakuwaje... Somo letu la historia ya California linamtaka kila mtu aandike juu ya kitu kimoja cha mtaani ambacho vitabu vikubwa vinakipita bila kukisalimia. Wenzangu wamechukua mashamba ya machungwa, reli, sinema. Mimi nimechukua mbio za magari. Makaratasi ya mwalimu yana utaratibu wake, hapa nawapa ile hadithi yenyewe.

Wala siongelei Formula One. Naongelea mbio za mtu wa kawaida anayetoka kazini jioni, anaendesha gari lile lile la kupelekea watoto shule mpaka uwanjani, anashindana, halafu anarudi nalo nyumbani. Wenyewe wanaita drag, nasi tuite dragi. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka, yanaondoka kwa mstari mnyoofu robo maili, yaani mita 402. Viwanja vingine vinatumia nusu ya hapo, mita 201. Hakuna kona wala mzunguko wa pili. Ukifika mwisho, basi, kwisha habari.

Mtu akisikia hivyo anasema, aah, si mwenye injini kubwa ndiye anashinda? Hapo ndipo panaponifurahisha. Kuna aina ya dragi ambayo gari la sekunde 15 linalipiga gari la sekunde 12 kihalali kabisa, mchana kweupe, na hakuna anayelalamika. Inaitwa braketi. Ili kuielewa inabidi turudi nyuma kidogo.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili vijana wa Los Angeles walikuwa wakipeleka magari yao jangwani, kwenye maziwa makavu kama Muroc na El Mirage, kupima mwendo. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana vikaunda chama, SCTA. Vita ilipoisha vijana wakarudi, wengi wameshajifunza ufundi jeshini, na Ford za miaka ya 1930 zilikuwepo kibao kwa bei poa. Muroc nayo jeshi lilishaichukua. Kwa hiyo mbio nyingi zikahamia barabarani, usiku, kwenye taa za kuongozea magari. Watu wakafa. Magazeti yakapiga kelele, polisi wakakamata, na kesho yake wakakamata tena.

Kilichosaidia ni viwanja vya ndege. Vita iliacha njia za kurukia ndege ambazo hazikuwa na kazi nyingi. Mwaka 1949 mbio zilipangwa kwenye uwanja wa ndege wa Goleta, karibu na Santa Barbara. Mwaka 1950 jamaa mmoja aitwaye C. J. Hart na wenzake wakafungua mbio za kila Jumapili kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana. Kiingilio kilikuwa senti 50. Hapo kijana akapata kitu ambacho barabara haikumpa kamwe: saa ya kumwambia ukweli.

Mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wa gazeti la Hot Rod, akaanzisha chama cha taifa, NHRA. Mbio zake za kwanza rasmi zilikuwa Pomona mwaka 1953, kwenye eneo la maegesho la viwanja vya maonyesho vya kaunti, na polisi wa mji ule waliunga mkono. Sajini mmoja wa Pomona, Bud Coons, aliishia kuongoza kikosi cha watu wanne kilichoanza mwaka 1954 kuzunguka Marekani na gari na tela la vifaa, kikifundisha miji jinsi ya kuendesha mbio salama. Na kikosi hicho kiliitwaje? Drag Safari! Neno letu kabisa, limevuka bahari. Nilicheka peke yangu maktaba mpaka dada wa kaunta akanitazama.

Na kwa kuwa tumefika kwenye safari... Mwaka huo huo wa 1953 kwetu Afrika Mashariki yalianza mashindano ambayo baadaye yakawa Safari Rally, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwanzoni magari yaligawanywa madaraja kwa bei ya dukani, ili mwenye gari la bei rahisi asibanwe na mwenye la bei mbaya. Mabara mawili, tatizo moja: utafanyaje ili pesa isimalize mchezo kabla mchezo haujaanza?

Wamarekani wao walijaribu kugawa madaraja kwa uzito wa gari na ukubwa wa injini. Wazo zuri, ila lina kidonda chake. Ndani ya kila daraja mwenye pesa zaidi bado ananunua gari linalofaa daraja lile kuliko yote. Miaka ya 1960 viwanda vya Detroit vikaingia vyenyewe, vikitengeneza magari maalumu ya mbio. Kijana wa gereji na Chevrolet yake aliyoikwangua kwa mshahara wa wiki ataenda wapi?

Mwaka 1963 kwenye mbio kubwa za Indianapolis wakaleta nguzo ya taa mahali pa mtu wa bendera. Wakaiita mti wa Krismasi, kwa rangi zake: njano zinashuka moja moja, halafu kijani. Ukiondoka mapema unapata nyekundu, umeshindwa. Mtu wa bendera anaweza kupepesa jicho au kumpendelea rafiki, taa haina rafiki. Lakini faida kubwa zaidi ilikuwa kwamba taa za upande mmoja ziliweza kuwashwa kabla ya upande wa pili kwa tofauti iliyopimwa kabisa. Gari dhaifu likatangulizwa kwa haki.

Kutokana na hapo, kuelekea miaka ya 1970, viwanja vingi vikaja na jambo rahisi mno. Waliacha kuuliza gari lako lina injini gani, wakauliza linakwenda sekunde ngapi. Mwanzoni waliyapanga magari kwenye mafungu ya muda, na jina la braketi limetoka hapo. Baadaye kila dereva akawa anataja muda wake mwenyewe na kuuandika kwenye kioo cha gari kwa rangi nyeupe ya viatu. Ndiyo, ile ile ya viatu!

Twende na mfano, chukueni kalamu. Wewe una gari dogo, umeandika 15.20. Mwenzio ana mnyama, kaandika 12.70. Tofauti ni sekunde 2.50, kwa hiyo taa yako inawaka sekunde mbili na nusu kabla ya yake. Unaondoka yeye bado amekaa, anakuangalia unavyopotea. Sema wewe umechelewa kwenye taa sekunde 0.040 na gari limekwenda 15.22. Yeye amechelewa 0.095, gari limekwenda 12.71. Jumlisha makosa: wewe 0.060, yeye 0.105. Umeshinda kwa sekunde 0.045. Mnyama anakuja nyuma yako kama mita mbili, anaunguruma, na taa ya ushindi imewaka upande wako.

Sasa mjanja atasema: mimi nitaandika 16.00 halafu nikimbie 15.20, nani atanishika? Walishamfikiria huyo. Ukikimbia haraka kuliko muda uliotaja, umeshindwa, labda mwenzio awe ameshawasha nyekundu. Mkivuka wote wawili, anashinda aliyevuka kidogo. Ndiyo maana wazoefu wanaficha makali kidogo tu, halafu karibu na mwisho wanagusa breki kwa kipimo cha nywele. Mchezo wa mwendo wa kasi, na mtu anafunga breki ili ashinde!

Mimi naona hapo ndipo palipobadilika kila kitu. Kwenye braketi hushindani na injini ya mwenzako, unashindana na neno lako mwenyewe. Umesema gari lako ni la 15.20, haya, lifanye liwe 15.20: asubuhi kukiwa na ubaridi na injini inavuta hewa nzito, na tena saa nane mchana lami inachemka. Mwenye kujua gari lake anamshinda mwenye kununua gari lake. Wenye kisomo wanaita usawa wa fursa, hawa wa gereji waliutengeneza kwa saa, balbu na rangi ya viatu.

Isiwe naipamba kupita kiasi. Pesa haikukubali kushindwa kirahisi. Miaka ya 1980 vikaja visanduku vya umeme vinavyomruhusu dereva kuachia kitufe kwenye njano ya kwanza, kisanduku kinahesabu chenyewe na kuliachia gari kwa wakati. Viwanja vingi ikabidi viwatenge wenye visanduku na wasio navyo. Mwaka 1996 George Howard akaanzisha mbio za braketi zilizoitwa za dola milioni moja. Hata hivyo daraja la chini la magari ya mtaani lilibaki, na ndilo ninaloliongelea.

Kuna mtu mmoja lazima nimtaje. Baada ya ghasia za Watts za mwaka 1965, ambapo watu 34 walikufa hapa Los Angeles, alijitokeza Mmarekani mweusi mmoja, pande la mtu, askari wa zamani, anaitwa Big Willie Robinson. Akaunda udugu wa waendesha mbio za mtaani: weusi, weupe, Walatino, Waasia, wote mstari mmoja. Kauli yake ilikuwa kwamba watu wakishindana kwa magari hawatapigana risasi. Mwaka 1974 wakapata kiwanja Terminal Island, bandarini. Kilifungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena, hadi kufungwa kabisa mwaka 1995. Yeye alifariki mwaka 2012. Kiwanja hakijarudi.

Chuo nacho kiliwahi kuingia humu, na hili wanafunzi wenzangu wengi hawalijui. Mwaka 1998 mtafiti wa afya wa San Diego State, Stephen Bender, aliyatazama mauaji ya mbio za barabarani kama anavyotazama ugonjwa, akaanzisha mpango wa RaceLegal. Vijana walikimbia mita 201 kwenye maegesho ya uwanja mkubwa wa mpira, huku polisi wakiendelea kuwabana waliobaki barabarani. Baadaye chuo hicho hicho kilinunua eneo lile, uwanja wa zamani ukabomolewa, na mwaka 2022 ukafunguliwa mpya.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Hebu hesabuni viwanja vya hapa kusini vilivyokufa: Santa Ana 1959, Lions 1972, Orange County 1983, Terminal Island 1995, Palmdale 2007. Kwingineko Marekani: Englishtown 2018, Atlanta 2021, Houston na Bandimere 2023. Halafu Irwindale, Desemba 2024. Pale nilifika mara mbili mwaka huo kabla hakijafungwa. Niliona pikapu yenye kiti cha mtoto nyuma ikipangwa na Mustang, na mzee mmoja akimwelekeza kijana asiyemjua kabisa jinsi ya kupunguza upepo wa matairi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anatoka mtaa gani. Kiwanja kama kile kilijengwa pembeni ya mji, mji ukakifuata, nyumba zikaja, kelele zikawa kero, ardhi ikapanda bei. Mwenye ardhi akipewa bei nono ya kujenga maghala, utamlaumu?

Mie nalaumu tunavyosahau. Tangu 2020 habari za mikusanyiko ya magari kwenye makutano ya barabara za Los Angeles zimekuwa nyingi, na jibu la haraka ni faini na kukamata magari. Sipingi sheria, mtu aliyesimama kituo cha basi hana kosa lolote. Lakini sajini wa Pomona alishaliona mwaka 1953: ukimwambia kijana asikimbie hapa, mwonyeshe basi pa kukimbilia. Kiwanja kikifungwa hamu haifungwi nacho, na mita 402 za lami zenye uzio, gari la wagonjwa na saa ya kweli si anasa.

Mwalimu ameniuliza hoja yangu ni nini kwa sentensi moja. Nimemwandikia hivi: historia ya dragi si historia ya kasi, ni historia ya kutafuta mahali ambapo mtu asiye na pesa anaweza kushindana bila kuua wala kufa. Kaniwekea alama ya kuuliza pembeni, nadhani anataka ushahidi zaidi. Atapata!

Wenye kujua habari za Big Willie au za mbio za namna hii kwingineko, nimwagieni maoni hapo chini. Nina kurasa kumi za kumalizia na jumapili ndio hiyo inakuja. Alamsiki.