Mchanga wa Altona: Habari za Kuchuja Maji ya Mto

Mji wa kwanza ujulikanao katika historia kwa watu wake kupelekewa maji ya mto yaliyochujwa kwa mchanga ni Paisley, katika nchi ya Uskochi, na aliyeyachuja maji hayo mwaka wa 1804 hakuwa tabibu wala mtumishi wa serikali aliyeona huruma juu ya afya za raia, bali alikuwa John Gibb, mwenye kiwanda cha kung'arisha vitambaa, ambaye haja yake ilikuwa nguo nyeupe. Maji ya mto Cart yalimfikia yamebeba taka, na kitambaa kikioshwa kwa maji ya taka hakitakati hata kikisuguliwa namna gani. Basi Gibb akayapitisha maji kwanza katika handaki lililojazwa mawe, kisha akayapandisha kwa mtambo wa mvuke hadi kwenye mahodhi ya mviringo yaliyozungukana, moja ndani ya jingine, la nje likiwa la kutulizia tope, yaliyofuata yakiwa ya mchanga na changarawe, na la katikati likipokea maji safi. Alipoona kwamba maji yamezidi mahitaji ya kiwanda, akayatia katika magari ya kukokotwa na farasi na kuyauza nyumba kwa nyumba, galoni kwa nusu peni. Hivyo afya ya watu wa Paisley ilikuja kama baki ya biashara ya nguo, wala mimi sioni aibu katika jambo hilo, kwa kuwa mambo mengi ya heri duniani yalianzia katika mtu kutafuta faida yake.

Watu wa kale nao hawakuwa wajinga wa maji. Prospero Alpini, tabibu wa Kiitalia aliyekaa Misri mwishoni mwa karne ya 16, aliandika jinsi wenyeji walivyosugua lozi ndani ya mitungi ili tope la Nili lizame upesi, na huko Sudani wanawake wametumia tangu zamani mbegu za mlonge zilizotwangwa kwa kazi hiyohiyo wakati mto unapofurika. Lakini njia hizo ni za kutuliza maji, si za kuyachuja, na zinatosha mtungi mmoja wa nyumba moja. Kuuchujia mji mzima mto wake ni kazi ya namna nyingine, yenye kuhitaji ardhi, mali na subira.

London ndiyo iliyolazimishwa mapema kuifanya kazi hiyo, na iliyoilazimisha ni uchafu wake wenyewe. Mnamo mwaka wa 1827 mwandishi mmoja, John Wright, alitoa kijitabu cha kuyashitaki makampuni ya maji mbele ya umma, akieleza kwamba mdomo wa bomba la kampuni mojawapo umewekwa ndani ya mto Thames karibu kabisa na pale ambapo mfereji mkubwa wa machafu unamwaga, hata mtu alipaye ada ya maji anarudishiwa kile kilichotoka vyooni mwa jirani zake. Ghasia ikatokea, tume ya serikali ikaundwa mwaka uliofuata, na mchoraji William Heath akachapisha picha ya bibi mmoja aliyetazama tone la Thames kwa darubini ya vitu vidogo, akaona madubwana yanaogelea, na kikombe cha chai kikamponyoka mkononi.

Wakati huo mhandisi wa kampuni ya Chelsea, James Simpson, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, alikuwa amekwisha kusafiri kaskazini ya Uingereza na Uskochi kuyatazama machujio ya viwandani, na Januari ya mwaka wa 1829 akafungua huko Chelsea chujio la eneo la eka moja, lenye mifereji chini, juu yake changarawe, na juu ya changarawe mchanga mnene kwa mwembamba. Maji yaliingizwa kwa juu, yakashuka taratibu kwa uzito wake, yakakusanywa chini. Mchanga ukiziba, maji hutolewa, vibarua wakaingia na makoleo, wakaukwangua uso wake kwa unene mdogo tu, na kazi ikaendelea. Simpson naye, kama Gibb, alidhani kwamba mchanga unazuia tope kama kifumbu kizuiavyo machicha ya nazi, na kwamba ule utelezi wa kijani na kahawia ulioganda juu ya mchanga ni adha inayopasa kuondolewa. Dhana hiyo ilikaa kwa zaidi ya nusu karne, na sehemu kubwa ya habari hii ni habari ya jinsi ilivyobatilishwa, na kwa gharama gani.

Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia Uingereza kabla ya mtu yeyote kujua kinapita njia gani. Bunge likatunga sheria mwaka wa 1852 kwamba maji ya London ya kutumika majumbani, yakitoka katika Thames, yachotwe juu ya Teddington, mahali ambapo kujaa na kupwa kwa bahari hukoma, na kwamba yachujwe kabla ya kugawiwa. Na makampuni yakapewa muhula hadi mwaka wa 1855. Katika muhula huo ndipo John Snow, tabibu wa London, alipopata fursa adimu, kwa kuwa kampuni mbili ziligawa maji katika mitaa ileile, pengine nyumba kwa nyumba katika njia moja: kampuni ya Lambeth ilikwisha kuhamia juu ya mto, na ile ya Southwark na Vauxhall ilikuwa bado inachota Battersea, ndani ya machafu. Snow akahesabu vifo vya mwaka wa 1854. Katika kila nyumba 10,000 za Southwark na Vauxhall walikufa watu 315. Katika kila nyumba 10,000 za Lambeth walikufa 37. Hoja yake ilihusu mahali pa kuchota kuliko uchujaji wenyewe, na mabwana wengi wa elimu ya tiba hawakuikubali. Waliendelea kusema kwamba maradhi hutoka katika hewa mbaya, naye akafariki mwaka wa 1858 bila kuona ushindi wake.

Ushindi huo ulipatikana Ujerumani, katika majira ya joto ya mwaka wa 1892, na aliyeuleta ni mauti.

Hamburg na Altona ilikuwa miji miwili kwa jina na mmoja kwa macho, kwa maana majengo yao yalikuwa yameshikana na mpaka ukapita katikati ya njia. Hamburg ilikuwa mji huru wa wafanyabiashara, wenye bandari kubwa na fedha nyingi, na Altona ilikuwa chini ya dola ya Prussia. Yote miwili ilikunywa mto Elbe. Hamburg ilichota upande wa juu ya mji, ikayapeleka maji mabombani bila kuyachuja, ikitegemea kwamba juu ya mji mto ni safi, ilhali maji ya bahari yakijaa huyasukuma machafu ya bandarini kurudi juu hadi kwenye mdomo wa bomba. Altona ilichota upande wa chini, baada ya mto kupokea machafu ya Hamburg yote, jambo ambalo mtu akiambiwa atasema kwamba watu wa Altona walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kifo. Walakini Altona ilikuwa na machujio ya mchanga tangu mwaka wa 1859.

Haikuwa kwamba wakubwa wa Hamburg hawakuyajua machujio. Wahandisi wao walikuwa wameyashauri kwa miaka mingi, na kila mara shauri likakwama katika ubishi juu ya nani alipe, kwa sababu wenye majumba ya kupangisha walikuwa na sauti kubwa katika baraza la mji, nao hawakupenda mzigo wa gharama uwaangukie. Ujenzi ulipokubaliwa, mnamo mwaka wa 1890, ulikuwa umechelewa. Agosti ya 1892 ikaja na joto kali, mto ukapungua, na kipindupindu kikaingia bandarini. Kwa siku kadha wenye mamlaka walisitasita kutangaza kwamba ndicho, kwa kuchelea biashara, maana bandari iliyotangazwa kuwa na wabaa haiondoki meli wala haiingii. Robert Koch, yule aliyekitambua kijidudu cha maradhi hayo miaka minane au tisa iliyotangulia, huko Misri na Calcutta, alitumwa kutoka Berlin, akapita katika vichochoro vya makabwela wa bandarini, akasema kwamba amesahau kuwa yumo Ulaya. Kabla ya vuli kwisha walikuwa wamekufa Hamburg watu wapatao 8,600.

Na ng'ambo ya njia? Altona ilipoteza watu wachache mno kwa kulinganisha, na wengi katika hao ilidhihirika kwamba waliyapata maradhi walikokwenda kufanya kazi, Hamburg. Katika njia za mpakani mauti yalifuata mabomba: upande wenye maji ya Hamburg majeneza yalitoka, upande wenye maji ya Altona watu walisalimika, nao ni watu wa hali moja, wa hewa moja, wa udongo mmoja, wenye kununua mikate kwa mwokaji mmoja. Kulikuwa hata na ua mmoja, wenye wapangaji maskini zaidi ya 300, uliokuwa ndani ya mipaka ya Hamburg lakini kwa ajili ya mahali ulipokaa ukaunganishwa na bomba la Altona. Hapakutokea mgonjwa hata mmoja. Baada ya hayo, kusema kwamba kipindupindu ni hewa au mvuke wa ardhi kulihitaji ukaidi wa pekee, na mwenye ukaidi huo alikuwepo: Max von Pettenkofer wa München, mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyeheshimiwa Ulaya yote, ambaye Oktoba ya mwaka huohuo alikunywa vijidudu vya kipindupindu mbele ya mashahidi ili kumkadhibisha Koch. Akaharisha kidogo, akapona, akajiona ameshinda. Mungu humlinda amtakaye, lakini maiti 8,600 walikuwa hoja nzito kuliko tumbo la mtu mmoja.

Sasa lile swali la utelezi. Mwaka wa 1885 Percy Frankland alikuwa amevihesabu vijidudu katika maji ya London kabla na baada ya kuchujwa, akaona kwamba karibu vyote vimetoweka, jambo la kustaajabisha, kwa kuwa nafasi baina ya chembe na chembe ya mchanga ni kubwa mno kwa kijidudu, naye angeweza kupita bila kugusa pembeni. Ni nini basi kinachomzuia? Jibu lilikuja kwa msiba mdogo. Katika Januari na Februari ya mwaka wa 1893 kipindupindu kilizuka Altona kwenyewe, mji wa machujio, wakati wa baridi kali. Na Koch alipochunguza, aligundua kwamba katika kulikwangua chujio mojawapo wakati wa jalidi, uso wa mchanga uliganda, ule utando wa utelezi ukashindwa kujijenga upya, na maji yakashuka karibu kama yalivyoingia. Kumbe ilikuwa hivyo: ule uchafu uliochukiwa na vibarua wa Simpson ndio chujio lenyewe. Ni utando ulio hai, wa vimea vya maji na vijidudu visivyodhuru na viumbe vidogo vinavyovila vijidudu vingine, nao hunasa, huua na huyeyusha kile kiletwacho na mto, na mchanga chini yake huendeleza kazi hiyo kwa kina fulani. Utando huo hutaka siku kadha kukomaa. Kwa hiyo maji ya kwanza baada ya kukwangua hayafai kunywewa, na aliye na haraka akiyafungulia bomba huwapelekea watu maradhi kwa mkono wake.

Koch akaweka kanuni ambazo Ujerumani ilizifuata: maji yasishuke kwa mwendo uzidio milimita 100 kwa saa, kila hodhi lipimwe peke yake kila siku, na maji yakizidi vijidudu 100 katika sentimita moja ya ujazo yasitolewe. Machujio ya Hamburg yalifunguliwa Mei ya mwaka wa 1893, miezi tisa baada ya haja yake.

Huko Marekani watu walishika njia nyingine. Mito ya kule mingi ni ya udongo mzito, nayo huziba mchanga kabla utando haujafanya lolote, kwa hiyo wakatia shabu ili tope ligande na kuzama, wakayapitisha maji kwa kasi katika mchanga mkubwa zaidi unaooshwa kwa kurudishiwa maji kwa nguvu kutoka chini. Na tangu Jersey City ilipoanza kutia dawa ya klorini mwaka wa 1908, kazi ya kuua vijidudu ikaachiwa dawa. Njia hii huchukua ardhi ndogo na ndiyo iliyoenea katika miji mikubwa. Dar es Salaam hunywa hivyo kutoka Ruvu, kwa mitambo ya Ruvu Juu, iliyojengwa mwaka wa 1959, na ya Ruvu Chini, iliyofuata katika miaka ya 1970. Lakini njia hii haikubali usahaulifu. Shabu ikikosekana bohari, au umeme ukikatika, au klorini ikichelewa bandarini, hakuna utando wa kumwokoa mnywaji.

Mito yetu nayo, wakati wa masika, ni myekundu kwa udongo, na hilo ndilo lililowafanya wengi kuyakataa machujio ya mchanga vijijini. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswisi, walilishughulikia jambo hilo, wakajaribu kuyapitisha maji kwanza katika mfereji uliojazwa changarawe, kokoto kubwa mbele na ndogo nyuma, yakienda kwa ubavu polepole, hata sehemu kubwa ya tope ikabaki humo na mchanga ukapokea maji unayoyaweza. Msomaji atakumbuka handaki la mawe la Gibb.

Kwa maoni yangu, kijiji kilicho kando ya mto, chenye ardhi ya kutosha na vijana wa kushika koleo, hakina sababu ya kungoja mtambo wa kununuliwa kwa fedha za kigeni. Kinahitaji changarawe, mchanga uliooshwa, simenti, na mwangalizi mmoja anayelipwa mshahara wake kwa wakati, ajuaye kwamba baada ya kukwangua lazima kungoja. Halmashauri zetu za wilaya zianze na huyo mwangalizi, maana machujio mengi hufa kwa kukosa mtu, si kwa kukosa mchanga.